Mabega ya Kuazima

Wewe umewahi kuweka maua mbele ya kifua cha marehemu, halafu ukasikia kifua hichohicho kinakohoa nyuma yako?

Mimi sijawahi. Mdogo wangu amewahi, tena si mara moja. Ilikuwa kila mwaka, siku ile ya kuwakumbuka askari wetu, na mimi pembeni yake nimemshikia mkoba. Kaa vizuri nikueleze, maana mtaani wanaisimulia vibaya. Wengine wanasema tulipigana. Hatukupigana. Kilivunjika kikombe kimoja tu, na kilikuwa na ufa tangu zamani.

Nianze na shemeji yangu. Mume wa mdogo wangu alikuwa dereva wa lori jeshini, na mtaa mzima ulimwita Mabega. Mlango wetu aliuingia ubavu ubavu, kama mtu anayepitisha godoro. Akikaa kwenye benchi la watu watatu, wa tatu anasema aa, mimi nitasimama tu. Na alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa na mwanya mpana wa mbele, akicheka unaona mpaka mawazo yake. Kukitokea kicheko msibani, hukuhitaji kugeuka kuangalia ni nani.

Aliuawa vitani akiwapelekea wenzake maji. Lori lilipigwa njiani. Wakamzika hukohuko, na kilichorudi nyumbani ni sanduku la chuma lenye viatu, wembe, na redio isiyo na betri. Kaburi lake mdogo wangu hajaliona mpaka leo. Wajane wengine wana mahali pa kwenda kung'oa majani na kunung'unika. Yeye alikuwa na picha. Ndiyo maana nasema ile picha iliyotundikwa ukumbini siku ya kumbukumbu haikuwa picha tu.

Sasa sikiliza ilivyopatikana.

Kamati ya kumbukumbu ilipoanzishwa, kila familia iliambiwa ilete picha ya mtu wake, zitundikwe kwenye ukuta wa ukumbi wa mtaa siku ya shughuli. Mwenyekiti wa kamati ni Sajini. Jina analo, analijua mwenyewe, lakini hata marehemu mke wake alimwita Sajini. Ni mwembamba kama mpini wa ufagio, na suruali yake ina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Alikuwa kikosi kimoja na Mabega, yeye akikaa stoo, akigawa makoti, mablanketi na vijiko. Alipostaafu alituletea nidhamu yote ya stoo, akaiweka ukumbini. Sheria yake kuhusu picha ilikuwa moja: shujaa avae sare, atazame mbele, asioneshe meno. Ilitoka wapi, hakuna ajuaye. Mimi nahisi ilitoka kwenye meno yake mwenyewe, ambayo si mengi.

Mabega hakuwa na picha ya sare. Jeshi zima halikuwa na koti la saizi yake. Alilokuwa nalo alilivaa wazi, vifungo upande huu na matundu upande ule vikitazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Picha aliyoacha ni moja tu. Mdogo wangu alikuwa amejifungua, Mabega yuko likizo, anafua nepi uani kifua wazi. Akapita mpiga picha wa kutembeza. Basi yule bwana akajitwisha beseni kichwani kama kofia ya vita, akapiga saluti kwa mkono wa kushoto wenye kipande cha sabuni, akacheka meno yote nje, na povu limemkaa sikioni. Ukiitazama ile picha unamsikia.

Sajini aliitazama akatikisa kichwa. "Shemeji, huyu hatundikiki. Ana beseni."

"Ndiye niliyenaye," mdogo wangu akamjibu.

Mwenye studio, aliyekuwa kwenye kamati pia, akasema niachieni mimi. Baada ya muda akatuletea Mabega ndani ya sare. Kichwa ni kilekile cha uani, ila kimevuliwa beseni kikavishwa kofia ya jeshi. Mdomo umefungwa kwa kalamu ya wino. Na chini ya shingo, mwili mzima umeketi wima, mkono gotini, koti limefungwa vifungo vyote.

"Hiki kiwiliwili cha nani?" nikamuuliza.

"Cha serikali, mama," akasema bila kupepesa. "Tunacho studio, kwa ajili ya matatizo kama haya."

Tukaamini. Serikali ina vitu vingi, tukaona haikosi na viwiliwili.

Lakini mdogo wangu hakuyazoea yale mabega. "Wamemfua kwa maji ya moto," alikuwa akisema, "amerudi amesinyaa." Hata hivyo alichukua nakala akaitundika sebuleni. Akifagia anaipangusa kifuani. Akilala anaiambia usiku mwema. Watoto wakimwudhi anawashtaki kwayo. Utafanyaje? Mtu akikosa kuku hunywa mchuzi wake.

Na kuna jambo la pili lazima ulijue, la siku yenyewe ya shughuli. Tarumbeta likishalia na dakika ya ukimya ikishapita, kila familia inaitwa kuweka maua mbele ya picha ya mtu wake. Ukishayaweka, Sajini anauliza kwenye kipaza sauti, "Familia ina neno?" Na familia inajibu, "Hatuna neno, tunashukuru." Ni hivyo tangu mwanzo. Nimeona mjane akijibu "hatuna neno, tunashukuru" huku paa la ukumbi linamvujishia maji ya mvua shingoni.

Mdogo wangu naye alijibu hivyohivyo miaka yote. Tukifika nyumbani, ameinamia sufuria, anaanza: "Nilikuwa nalo, dada."

"Si ungelisema?"

"Mbele ya tarumbeta lile?"

"Neno gani lenyewe?"

"Basi tu. Nilikuwa nalo."

Sikumsukuma. Mtu mwenye neno lake ni kama kuku anayetafuta pa kutagia, ukimfukuza anatagia kwa jirani.

Mwaka huu kamati ikaona picha ni ndogo, wageni wa nyuma hawaoni. Wakazipeleka kwa wale wanaochapa mabango ya saluni na soda, wakazikuza kila moja ukubwa wa mlango. Siku moja kabla ya shughuli, sisi wanawake tulikwenda ukumbini mchana kupanga viti na kuosha vikombe, tukawakuta mashujaa wamekwisha kutundikwa ukuta mzima, kila mmoja na uso kama gurudumu.

Kitu kikikuzwa, na siri yake inakua. Lile povu la sikioni, ambalo kwenye fremu lilionekana kama kasoro ya kioo, sasa lilikuwa kubwa kama pamba iliyotoka kwenye mto wa kulalia. Ule mdomo wa wino ulikuwa kama jongoo aliyelala. Tukacheka kidogo, mdogo wangu akacheka pia. Halafu akaacha kucheka. Alikuwa anatazama chini, kwenye goti la picha.

Wakati huo Sajini alikuwa amekuja kukagua. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi anakunywa chai tuliyompa. Lazima nikwambie kuhusu kidole chake. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kiliwahi kubanwa na mlango wa chuma wa stoo, kikapona bila kujikunja. Akishika kikombe, kimechomoza pembeni, kama anamwelekeza mtu choo kilipo.

Mdogo wangu akatazama ukutani. Akatazama kikombe. Akarudi ukutani.

"Dada," akaninong'oneza, "ule mkono naujua."

"Mkono wa serikali."

"Serikali gani? Serikali ile pale inakunywa chai."

Nikatazama. Hapo ndipo kikombe kiliponiponyoka.

Tulimvuta Sajini kwenye chumba cha nyuma kinachowekwa viti vibovu. Mdogo wangu alikuwa mpole kabisa, na mimi kwa kuujua upole wake nikasimama karibu na mlango.

"Shemeji," akamwambia, "kaa hapo. Mkono gotini."

Sajini akakaa. Hiyo ndiyo shida ya askari mstaafu, ukimwamuru anatii kwanza, kufikiri baadaye. Akakaa wima, mkono gotini, kidole kikachomoza.

"Dada, ndiye?"

"Ndiye," nikasema. "Amekonda kidogo tu."

Sajini alikitazama kidole chake kama kimemsaliti. Hakukana. Angekana angeanzia wapi?

"Kwa hiyo miaka yote hii," mdogo wangu akasema, "ni wewe ninayekuambia usiku mwema."

"Mimi sijasikia, shemeji."

"Nimekupangusa vumbi kifuani."

"Nashukuru."

"Nimekushtakia watoto wangu. Na mwaka ule nilipoweka paji langu pale ukumbini kwenye vifungo nikalia mpaka kioo kikapata ukungu, wewe ulikuwa wapi?"

"Kiti cha mbele." "Nilijisikia vibaya sana. Nikakohoa."

Nikageuka kutazama ukuta, maana mabega yangu mwenyewe yalikuwa yameanza kutikisika, na si kwa kilio. Mdogo wangu akanikanyaga mguu.

"Kwa nini?" akamuuliza. "Hilo tu niambie."

Sajini alilainisha suruali, akafuata ule mstari wa pasi kwa kidole mpaka gotini na kurudi. Kisha akasema, "Kila tulipogawa sare alikuja pale dirishani kwangu. Anasema, Sajini, nipe koti linalofunga, nikapige picha nimpelekee mke wangu. Mimi namwambia, subiri, saizi yako inakuja. Nilikuwa naiagiza kweli, shemeji, wallahi. Haikuja. Yeye anacheka, anaondoka, mwezi ujao anarudi tena. Mpaka siku moja hakurudi." Akakifunika kile kidole kwa kiganja. "Mwenye studio alipotafuta mwili, mimi nilikuwa na picha yangu moja ya sare. Nikampa. Nikasema, basi, angalau mara moja avae koti lililofungwa vifungo."

Pale chumbani viti vibovu vilikuwa vimepandana mpaka darini, ukavisikia vinalia vyenyewe. Ningekuwa mimi, hapo ningelia, ningesamehe, ningekwenda nyumbani. Mdogo wangu alilia, akasamehe. Nyumbani hakwenda.

Alichukua mkoba wake mkononi mwangu, akatoa kifurushi cha nailoni, na ndani yake ile picha ya beseni. Kumbe kila mwaka alikuwa anaibeba. Mimi nilidhani nashika leso na funguo.

"Basi mshushe yule," akasema, "umpandishe huyu."

"Shemeji yangu." Sajini akasimama. "Kesho anakuja Kanali. Ratiba imeshachapwa. Mashujaa wote pale wamefunga midomo, huyu acheke peke yake?"

"Hata alipokuwa hai alikuwa anacheka peke yake."

"Na kifua wazi?"

"Kifua chake, si cha kuazima."

"Na beseni?"

"Beseni ninalo mpaka leo, kama unataka kulikagua."

Sajini akajifuta jasho. Alikuwa ameguswa, niliona, lakini mtu akishakaa stoo maisha yake yote, hata moyo wake unataka saini ya mkubwa. "Mwakani," akasema. "Tutalijadili kwenye kamati. Mwakani, shemeji, nakuahidi."

"Saizi yake inakuja," mdogo wangu akasema.

Sajini akainamisha kichwa, lakini neno lake hakulibadili.

"Sawa, shemeji," mdogo wangu akamaliza.

Ile "sawa" naijua tangu utoto. Mama alipomkataza kupanda paa la jirani alijibu "sawa" namna hiyohiyo, na tulimteremsha kwa ngazi. Njiani kurudi nikamuuliza anawaza nini. Akasema anawaza maua, kama anunue meupe au ya manjano.

Siku ya shughuli ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Viti vya mbele walikaa Sajini na kipaza sauti chake, Kanali, na wanakamati wakiwa wamebanwa na tai. Kanali alikuwa mwanamke, si mzee, buti zinang'aa mpaka unaona taa za darini ndani yake. Nje bendera iliteremshwa nusu mlingoti. Tarumbeta lililia, na nikwambie kweli, likilia lile mimi huwa siwezi utani. Tulisimama. Dakika ya ukimya ikapita, mtu unasikia watoto wa mbali wanacheza na mwenzako wa kiti cha pili anavuta makamasi taratibu. Katikati ya ukimya, kiti cha mbele, Sajini akakohoa.

Mdogo wangu hakugeuka. Ila niliona sikio lake limesimama.

Familia zikaanza kuitwa. Mama wa rubani akaweka maua yake. "Familia ina neno?" "Hatuna neno, tunashukuru." Mzee mmoja aliyempoteza mwanawe wa pekee akaweka ya kwake. "Familia ina neno?" "Hatuna neno, tunashukuru." Kisha likaitwa jina la Mabega, lile la kwenye vyeti, na mdogo wangu akainuka na shada lake. Alikuwa amechagua meupe. Mimi nyuma yake na mkoba.

Akaenda mpaka ukutani. Akamtazama mumewe kuanzia kofia hadi gotini. Akanyoosha mkono akagusa lile povu la sikioni, kwa ncha ya kidole, kama anataka kulifuta. Kisha akageuka na shada lake mkononi, akarudi mpaka viti vya mbele, akasimama mbele ya Sajini, na kuyaweka maua mapajani mwake. Akayaweka sawa, akainama kidogo kwa heshima, akarudi nyuma hatua moja.

Ukumbi mzima ukanyoosha shingo.

Kanali akamsogelea, kwa adabu. "Mama, samahani. Maua ni ya marehemu."

"Najua, mwanangu," mdogo wangu akasema. "Lakini kichwa kiko kule, kifua kiko hapa. Nimeshindwa kuyagawa."

Kanali akatazama ukutani. Akamtazama Sajini, wima kitini, mkono gotini, kidole kimechomoza. Akarudi ukutani. Halafu akaivuta kofia yake chini mpaka kwenye nyusi, na nikaona kidevu kinacheza.

"Ni yeye," mtu akasema kutoka nyuma. "Angalieni kidole."

"Kidole gani?"

"Kile cha choo."

Hapo watu wakaanza. Kwanza benchi la nyuma, kisha akina mama wa chai, kisha yule wa tarumbeta, ambaye alikuwa ameliacha mdomoni, likatoa sauti kama mbuzi aliyekanyagwa. Mzee wa yule mwana wa pekee alikuwa amejiinamia, nikadhani tumemkosea, kumbe anacheka mpaka fimbo imemdondoka.

Sajini akasimama. Nikaushika mkoba vizuri, nikijua tunafukuzwa. Alikuwa ameyakumbatia maua kama bibi harusi, masikio yamemwiva. Akainua kipaza sauti.

"Mheshimiwa Kanali," akasema, "ni kweli. Mwili ule ni wangu. Kichwa ni cha rafiki yangu. Mimi sijafa bado, naomba radhi."

Watu wakacheka upya. Alingoja. Alikuwa na ratiba mkononi, na familia inayofuata ilikuwa imeshaanza kunyanyuka. Angeweza kuita jina lao, shughuli ingeendelea, na mwakani ingebaki kuwa mwakani. Aliitazama ratiba. Akaikunja, akaitia mfukoni. Akamgeukia mdogo wangu.

"Familia," akasema, pole pole, "ina neno?"

Nikwambie, ukumbi mzima midomo ilikuwa tayari. Hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafika kwenye "hatuna". Ni mazoea, ulimi unakwenda wenyewe kama punda anayejua nyumbani.

Mdogo wangu akaufungua mkoba uliokuwa mkononi mwangu, akatoa kifurushi, akakunjua nailoni bila haraka, upande huu na upande ule. Akampa Kanali ile picha. Kanali akaitazama, na safari hii kofia haikumsaidia, alicheka waziwazi, peke yake, mbele ya bendera na mashujaa wote waliofunga midomo.

Ndipo mdogo wangu akakichukua kipaza sauti. Alikuwa hajawahi kukishika maishani mwake, akakishika kama mwiko wa kuonjea.

"Tunalo," akasema. "Namtaka mume wangu na meno yake."